Kitufe Chekundu

...nimepata, dada, nimepata kazi! Usikate simu, nisikilize!

Unajua nilishatuma barua kumi na nane bila kuitwa popote? Basi leo nimeitwa, na usaili wenyewe ukafanyika kiwandani, katikati ya mashine za kupasua mbao. Meneja akatuuliza, "Afisa usalama akiingia hapa, anaanza na nini?" Wenzangu wawili wa usaili wakamwaga sheria zote, mpaka na vifungu. Mimi nikaenda kwenye msumeno mkubwa, nikamwomba fundi asogee, nikabonyeza kile kitufe chekundu cha kuuzima kwa dharura.

Msumeno ukaendelea kuzunguka, hauna habari!

Fundi mkuu akanijia juu. "We binti, nani kakuruhusu kushika? Hicho huwa hatukitumii!"

"Ndiyo maana hamjui kama kimekufa, fundi."

Dada yangu! Nikajua kazi ndiyo imeniponyoka.

Meneja akaja akakibonyeza mwenyewe, mara mbili. Wapi! Akaangalia vidole vya yule fundi wa msumeno. Kisha akanigeukia, "Utaweza kuanza Jumatatu?"

Mdomo wangu huu! Nikasema, "Naanza sasa hivi, mzee. Zimeni huu msumeno kwenye swichi kubwa, usiguswe mpaka utengenezwe."

Na wakazima! Watu wazima na ndevu zao, dada, wananisikiliza mimi!

Haya, naitwa nikapimwe kofia ya usalama. Jinsi fundi mkuu alivyonifuata baadaye, uso umemshuka, hiyo niachie mpaka kesho, nitakuigizia kabisa.