Redio Inayosikika Hadi Nyuma ya Jabali

Fundi alifika asubuhi na sanduku lake, akaikagua redio yangu ya zamani, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Nahodha, hii ulikuwa unaongea nayo au unaiombea dua?" Sikucheka. Mtu anakuja kukubomolea kwako halafu anataka mcheke pamoja.

Boti ilikuwa ya marehemu mume wangu. Inavusha abiria na mizigo: magodoro, saruji, kreti za soda, mbuzi akitokea. Alipofariki nilishika usukani mwenyewe, kazi niliijua. Nikabaki nyumbani kwao na mama mkwe na shemeji, na niseme ukweli wa Mungu, hawajanitendea ubaya hata siku moja. Shida ni kwamba wananipenda bila kupumzika. Mama mkwe alihamishia kitanda chake chumbani kwangu wakati wa msiba ili nisilale peke yangu, na mpaka leo hakijatoka. Nikikohoa, anaamka. Nikichelewa bafuni, mlango unagongwa: "Mwanangu, u mzima?" Mzima, mama. Nikikaa nje kimya, shemeji anavuta kiti, anataka kujua nawaza nini. Nawaza lini utaondoka, shemeji yangu, lakini hilo utamwambiaje mtu aliyekuletea chai?

Pangu palikuwa nyuma ya jabali. Nikishawashusha abiria wa mwisho, narudi na boti tupu, napita nyuma ya lile jabali kubwa, na hapo redio inakoroma kidogo halafu inakata. Simu nayo haishiki. Nazima injini, navua viatu, najilaza juu ya magunia matupu. Siku nyingine nalia, siku nyingine natafuna karanga tu. Hakuna anayeniuliza kitu. Bila pale ningeshaokota makopo, na sisemi kwa mzaha.

Sasa ukichelewa kurudi lazima useme neno. Mimi nikawa nasema redio imekufa tena, dira imenipotosha, nimezunguka weee mpaka nimechoka. Kumbe mama mkwe huku nyumbani hali, hakai, amesimama dirishani anamwambia mwanawe, "Huyu naye atatupotea." Wakajipigapiga kimyakimya wakapata fedha, wakaniita sebuleni, nyuso zinang'aa: vifaa vipya vya boti vinakuja. Nilishukuru. Ningefanyaje? Nilijichongea mwenyewe kwa mdomo wangu, na hasira zangu zote sikuwa na wa kummalizia.

Basi fundi aling'oa redio, akatupa waya zilizoungua, akafunga mpya. Kando ya usukani akaweka kioo cha ramani chenye kimshale kinachosogea boti inaposogea. Juu akasimamisha antena ndefu. Nyingine shemeji alishaifunga kwenye paa la nyumba. Mwisho akagonga kiboksi cheusi chini ya kiti.

"Hiki ndicho kinachowaambia nyumbani uko wapi. Shemeji yako anakuona kwenye simu. Mama amewekewa kioo chake chumbani, pembeni ya redio ya nyumbani."

"Chumbani kwangu?"

"Chumbani kwenu. Amesema anataka akuone hata akiwa amelala."

"Na swichi yake iko wapi?"

"Hakina. Shemeji kaniambia nikiunge moja kwa moja kwenye betri, usije ukasahau kukiwasha."

"Na nikitaka kuzima?"

Akaacha bisibisi, akanitazama. "Uzime kwa nini?"

Nikawasha injini twende kwenye majaribio. Akasema tuanzie nyuma ya jabali, maana mama mkwe amesisitiza: kama haisikiki pale, kazi haijaisha. Nikaendesha taratibu kama ninayepeleka mgonjwa. Njia nzima nilikuwa naliomba lile jabali lisinitupe.

Tulipofika nikazima injini. Nilisubiri ikorome. Haikukoroma.

"Mwanangu, nakuona," sauti ya mama mkwe ikasema, safi kabisa, kama amekaa begani kwangu. "Mbona umesimama?"

Fundi akanyoosha dole gumba, meno yote nje. Nikaona nisiposema leo sitasema tena, nikachukua kipaza sauti.

"Mama, hapa sijawahi kupotea. Huwa nasimama kwa kupenda. Nyumbani sipati hata dakika ya kuwa peke yangu, mama. Nabanwa. Hapa ndipo ninapopumua, na nawaomba mniachie hapa tu."

Fundi akainama kukagua waya aliokwisha kuukagua. Kifua changu kilikuwa chepesi, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa nimelisema, na mama mkwe si mjinga. Halafu nikasikia analia.

"Maskini mwanangu," akasema. "Kumbe siku zote hizo unakaa hapo peke yako, na mimi nipo? Nisamehe, sikujua. Kuanzia kesho tunakwenda wote. Nitakuja na mkeka."

Kwa nyuma yake nikamsikia shemeji anauliza kama na yeye atapata pa kukaa.