Hita ya Editha

Wewe unayesoma hapa, usijifanye mgeni. Umeshamwona mtu anaingia kuoga na ndala za mpira miguuni, ukajua ni kwa sababu bomba linapiga shoti, ukageuza shingo. Mie niligeuza yangu nikiwa na bisibisi mkononi.

Naitwa Jamali, fundi wa bomba na umeme hapa Tabata. Chuo sikusoma, nilijifunza kwa kuungua vidole. Majirani wananijua kwa mdomo. Mwaka 2011 nilisimama kwenye mkutano wa mtaa nikawataja kwa majina waliojenga juu ya mtaro. Mwaka 2019 nikasimama tena, nikawakumbusha majina yaleyale. Mie huwa sisahau. Hili ningelisahau kwa furaha, limekataa.

Juni mwaka jana Mama Brightson aliniita nimbadilishie hita ya maji. Tangi la lita themanini, limening'inia ukutani miaka kumi na minane, linalisha mabafu mawili na jiko. Kisima chake kina maji ya chumvi, na chumvi ilishaitafuna koili, ule waya wa ndani unaochemsha maji, mpaka umeme ukawa unavujia ndani ya maji.

"Juzi imenipiga shoti, fundi, nusura nitoke barabarani na povu langu," alisema.

Nikafunga mpya. Nikaunga na waya wa kijani, ule wa kushusha umeme ardhini ukivuja. Ya zamani nikaiburuza kuelekea geti, iende kwenye chuma chakavu.

"Hee! Unaipeleka wapi? Mfungie Editha uani. Naye aoge ya moto, mgongo unamsumbua."

Editha ni mtu wa Mbinga, ameitumikia nyumba ile miaka kumi na minne. Chumba chake kina umeme wa kuvuta kutoka jikoni, waya wa kijani hakuna. Nilijua. Koili ni ileile iliyotafunwa. Nilijua. Nikasema, "Sawa, mama."

Kwetu kitu kibovu kikishuka kutoka nyumba kubwa kwenda uani kinaitwa zawadi, na zawadi haikaguliwi. Editha alipiga goti akashukuru kwa mikono miwili. Mie akaniletea wali na kisamvu.

"Kaka Jamali, leo na mie bosi."

"Ukisikia inang'ata, bosi, vaa ndala."

Akacheka. Nikacheka naye, nikala wali wake wote.

Wiki ya tatu, asubuhi, alianguka bafuni; nilikuwa napita getini, nikasikia kelele nikakimbilia uani na majirani. Tulipomtoa alikuwa anasema neno moja tu: sabuni, sabuni.

"Sabuni za siku hizi, mafuta matupu!" akadakia Faraji, jirani wa ukuta mmoja. Watu wakaitikia. Mie nilikuwa nimeushika mkono wa kulia wa Editha, naona kiganja kilivyoungua pale kiliposhika bomba. Nikasema pole. Nikampakia kwenye bajaji.

Siku kumi na moja nilikaa kimya. Mie! Siku ya kumi na mbili nikaenda uani.

"Editha, haikuwa sabuni."

"Najua, kaka. Usiseme. Mama ataona nimeitukana zawadi yake, na vidole viwili havikunjiki. Nitaenda wapi na mkono huu?"

"Sasa unaogaje?"

"Bomba nafungulia mkono wa kushoto."

Miguu ilinipeleka yenyewe barazani. Ilikuwa Jumapili, Mama Brightson amekaa na wageni wa kanisani.

"Shikamoo, mama. Hita ndiyo iliyomwangusha Editha. Nilijua ni mbovu wakati naifunga."

Wageni wakaacha kutafuna.

"Ulijua?" Aliuliza polepole. "Huo mdomo wa mikutanoni siku hiyo ulimwazima nani?"

"Wewe pia ilikupiga, mama."

"Ilinipiga. Nikaita fundi. Fundi akasema sawa."

Nikarudi uani. Nilizima umeme, nikaifungua, nikaitoa nje. Faraji alikuwa ameshafika getini.

"Braza, kama hamuitaki nipe mie. Nikamfungie mama mkwe Pugu, kule asubuhi baridi."

Nikachukua nyundo. Nililipiga lile tangi mpaka likapasuka, koili nikaikanyaga. Faraji akauliza kama nimerogwa. Editha alikuwa amesimama mlangoni, mkono mbovu ameupakata kwa mzima. Hakusema asante. Alinitazama tu, akaingia ndani akarudishia mlango.

Na wewe ulitoa cha kwako. Hita, pasi, jiko la umeme, kile kilichokupiga shoti ukasema kinamfaa wa uani. Weka chini hili unalosoma. Nenda uani sasa hivi, kizime, kikate waya mbele yake. Usimuulize kama kina shida, atakwambia hakina. Ita fundi leo, amwekee waya wa kushusha umeme ardhini kama uliowekewa wewe. Inuka, kabla hajaingia kuoga.