Alama ya Mama Penseli

Sitawadanganya, jamani, nimeshadanganya vya kutosha. Nilikuwa waziri wa fedha miaka saba, na barua nilizozisoma mpaka mwisho katika miaka hiyo zinahesabika kwa vidole. Aliyekuwa anasoma ni katibu muhtasi wangu. Wizara nzima ilimwita Mama Penseli.

Tumetoka mbali. Nilipoajiriwa ukarani, nina suruali moja tu ya kazini, yeye ndiye aliyenipokea. “Mdogo wangu,” aliniambia, “faili lisome kuanzia nyuma. Uongo huwekwa ukurasa wa mwisho, watu wakishachoka.” Nikashika. Kwa ushauri huo nikapanda: mkaguzi, mkurugenzi, mwishowe waziri, na kila nilikohamishiwa nilimwomba tuhame naye. Siku niliyoapishwa akaacha kuniita mdogo wangu. Akaanza kuniamkia, yeye aliyenizidi miaka tisa: “Shikamoo, Mheshimiwa.” Nami, bila haya, nikaitikia marahaba. Cheo bwana! Kikikupanda kichwani unajiona hata umri umeongezewa.

Kazi zilipozidi tukajiwekea utaratibu wetu. Barua anasoma yeye. Iliyo safi anaiwekea vema ya penseli pembeni, mimi natia sahihi. Yenye walakini anaiwekea kosa, ile X ya mwalimu, maana yake usiguse, niite kwanza. Nikishasaini, anafuta alama zake kwa raba, na barua inatoka ofisini haina hata doa.

Basi ikaja barua ya kuidhinisha zabuni ya mabomba ya maji. Kampuni ni ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu ambaye bomba alilijua kwa kunawia mikono tu. Mama Penseli aliweka kosa la kukandamiza mpaka karatasi ikabonyea. Nikamwita, lakini si kumuuliza. Nilimwambia, “Hebu nipe raba yako.” Akanitazama. Akanipa. Nikafuta, nikasaini. Mwaka haukuisha nyumba yangu ikaota ghorofa ya pili, na mtaa ulioahidiwa maji unabeba ndoo mpaka leo. Najuta. Nilianza kujuta hata kabla ya pingu, ila nilikuwa nikijuta kimyakimya, na majuto ya namna hiyo hayamsaidii mtu.

Jana, katika kesi yangu ya zabuni hiyo, ilikuwa zamu ya Mama Penseli kutoa ushahidi. Wakili wangu ni mpwa wangu, kijana ana mdomo, huyo, angeweza kumuuzia kipofu miwani. Mpango alikuwa ameshanieleza: “Mjomba, kwa utaratibu wenu yeye ndiye wa kukuonya. Tutasema hakukuonya. Wewe kaa kimya tu.” Nikakubali. Ndiyo, nilikubali! Nikijua kabisa kwamba ataangushiwa jumba bovu yeye, mstaafu mwenye kiinua mgongo chake na jina lake safi, ili mimi nitoke.

“Mama,” mpwa wangu alimuuliza kwa sauti laini, “siku ile ulimwekea Mheshimiwa alama ya kumwonya?”

Mama Penseli alinitazama pale kizimbani. Mkoba alikuwa ameupakata kwa mikono miwili.

“Huenda nilisahau,” alisema.

Yeye, kusahau! Mwanamke aliyewahi kunirudisha kutoka uwanja wa ndege kwa sababu ya nukta iliyokaa pasipo pake! Aibu ilinishika mpaka miguu ikasimama yenyewe.

“Hakusahau!” nilisema. “Aliweka alama. Niliifuta mimi, na nilijua ninachofanya.”

“Mjomba, kaa chini!” mpwa wangu alininong'oneza, jasho linamtiririka. Ya nini tena? Maji yalishamwagika.

Hakimu alinionya nisiseme bila kuruhusiwa, kisha akamgeukia Mama Penseli na kumuuliza kama ni kweli. Mimi nasubiri nione uso wake umepata nafuu. Nilidhani nimemwokoa, hebu fikiria. Uwaziri ulikuwa bado haujanitoka kichwani.

“Ni kweli,” alisema. “Na raba nilimpa mimi. Nilijua anataka kufuta nini, nikampa, kwa sababu alikuwa Mheshimiwa. Na sasa hivi nimesema uongo mbele yako kwa sababu hiyohiyo. Naomba na hilo liandikwe.”

Hapo ndipo nilipoumia. Jela nilishaizoea kuiwaza. Lakini mtu huyu ndiye aliyenifundisha kuutafuta uongo, na mimi nikamzoeza kuubeba.

Kesi ilipoahirishwa nilimkuta kwenye benchi la ukumbini, anasubiri kusaini maelezo yake. Mimi bado niko nje kwa dhamana. Mpwa wangu alinivuta koti nisimsogelee shahidi, nikauondoa mkono wake.

“Shikamoo, dada,” nikasema.

Alitoa miwani mkobani, akaanza kuifuta, nikaona hataitikia.

“Marahaba, mdogo wangu,” alisema mwishowe. “Umechelewa.”

Karani wa mahakama akamletea karatasi zake na kalamu, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Mama Penseli aliiweka kalamu pembeni. Akavaa miwani, akageuza karatasi zote, akaanza kusoma kuanzia ukurasa wa mwisho.