Kitendawili cha Daktari Radi

Daktari mmoja wa upasuaji, manesi walimpachika jina Radi, na jina likamkaa kama shati la kushonesha. Akiingia chumba cha upasuaji, manesi hujibana ukutani. Siku aliyorusha koleo sakafuni na kumfokea nesi mkuu, "Mnanong'ona nini nyie?", wakubwa wakachoka. Wakamwambia hashiki kisu tena mpaka daktari wa akili ampime na kuridhika naye.

Basi huyo hapo kitini, uso umekunjamana, roho mkononi. Kazi ile ndiyo pumzi yake.

Daktari wa akili, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, siku hiyo alikuwa na mafua, akavaa barakoa. Alipomwona mwenzake kavimba kama chura, akaona amlainishe kwanza.

"Kitendawili!"

Kimya. Akarudia. Kimya kile kile. Jamani, mtu aliyelelewa na bibi anaachaje kuitikia?

"Na wewe unanong'ona?" Radi akalipuka.

Mama akashusha barakoa. "Kitendawili!"

"Tega!" Lilimtoka lenyewe, kama chafya.

"Mapacha wangu wanakaa nyumba moja, hawajaonana tangu wazaliwe."

"Masikio, mama! Hata mtoto wa chekechea analijua hilo."

"Basi hayo yako ndiyo yanayokuangusha, mwanangu. Wewe unasoma midomo, na kule chumba cha upasuaji kila mtu kafunika wake kwa barakoa."

Radi akashika sikio la kushoto, akashika la kulia. Siku zote alidhani anasengenywa, kumbe watu walikuwa wakimjibu! Akaanza kucheka, akacheka mpaka kiti kikalia.

"Kwa hiyo sina wazimu?"

"Huna. Masikio yatapata vifaa vya kusikia. Ulimi hauna kifaa, huo ni juu yako. Nesi mkuu akikubali kusimama nawe tena, nami nimekubali."

Alipopata vifaa vyake, akaenda moja kwa moja chumba cha upasuaji. Nesi mkuu alikuwa akipanga mikasi.

"Dada, nisamehe. Nilikukosea sana."

"Ati? Sijasikia," akasema nesi nyuma ya barakoa, na Radi akamsikia vizuri sana.

"Nisamehe, dada!"

"Wa kule chumba cha kufulia nguo hawajakusikia, baba."

"NISAMEHENI!"

Vioo vikatikisika. Manesi wakaangua kicheko, mmoja akakaa chini kabisa. Nesi mkuu akajifuta machozi kwa kiwiko.

"Haya, kanawe mikono, mgonjwa anasubiri. Na ukifoka tena, hivyo vidude navichomoa mwenyewe."