Gitaa Lisilojibu Watu

Joram Ogola alikuwa mwanaume pekee mtaani Kondele aliyefuga kucha, tena za mkono mmoja tu. Za mkono wa kushoto alizikata mpaka nyama. Za kulia aliziacha zikue, na kila asubuhi alizilainisha kwa kipande cha msasa alichoomba kwa seremala. Kwa kuwa huwezi kufinyanga ugali kwa kucha za namna hiyo, alikula kwa kijiko, na mama yake, Aoko, alimpakulia pembeni ili wageni wasione.

"Mtu mzima anakula ugali kwa kijiko kama mgonjwa," Aoko alisema. "Siku moja nitazikata ukiwa umelala."

"Ukizikata, Mama, umenikata mikono."

"Mikono gani? Ile ya kushika jembe sijawahi kuiona."

Sababu ya kucha ilikuwa gitaa. Si gitaa la bendi. Hayo yalijaa Kondele miaka ile ya themanini, kila baa na lake, la umeme, linapiga kelele mpaka kuku wa jirani hawatagi. La Joram lilikuwa la mbao tupu na nyuzi za nailoni. Alilipiga kwa vidole, ameketi wima kama anayepigwa picha ya pasipoti, mguu wa kushoto juu ya kopo la mafuta ya kupikia. Nyimbo zake zilikuwa za Wahispania na Waitalia waliokufa zamani, hazina maneno, na huwezi kuzicheza hata ukilewa. Bwana Waliaula, mwalimu wa muziki kule Maseno, ndiye aliyempa gitaa hilo kuukuu na kitabu cha mazoezi mwaka 1982. Tangu hapo Joram alifanya mazoezi saa tano kila siku. Nyuzi zilipokatika na mpya hazipatikani, alishuka ufukweni Dunga akanunua mishipi ya wavuvi, akichagua unene kwa kuipitisha midomoni. Kwa hiyo Wahispania wale walisikika Kisumu kupitia uzi wa kunasia samaki aina ya mbuta, na mimi nasema hawakupungukiwa kitu.

Mwaka 1989 ikaja barua. Mhadhiri mmoja wa Nairobi, Bi. Elsie Nakhungu, alikuwa na nafasi moja ya kumpeleka mpiga gitaa kusoma Uingereza kwa miaka mitatu. Waliaula alikuwa amemwandikia, naye akajibu kwamba atakuja Kisumu amsikie Joram mwenyewe. Alitaka kipande kimoja kirefu, mbele ya watu, ili aone kama kijana anaweza kuushika ukumbi. Nafasi ilikuwa ya wasiozidi miaka ishirini na mitano. Joram alikuwa anatimiza ishirini na sita mwezi uliofuata.

Alikuja kwangu, mimi mtunzi wa majigambo ya mtaa, akiwa na barua mkononi.

"Nitafutie watu," aliniambia. "Mia moja wanatosha."

"Watu wa aina gani?"

"Wa kukaa kimya."

"Omera, ndugu yangu, unawatafuta hapa Kondele?"

Hata hivyo niliwapata. Nilizunguka kwa mafundi, kwa wauza mitumba, nikafika hadi Obunga kwa akina mama wa samaki. Niliwaambia wote jambo moja: muziki ukilia, hakuna kukohoa. Walikubali kwa moyo mweupe, na Jumamosi ya miadi mchana waliujaza ukumbi wa kanisa mpaka wengine wakaketi madirishani. Bi. Nakhungu aliketi mstari wa mbele, kalamu mkononi na daftari gotini.

Hapa lazima nimweleze msomaji asiyekaa kwetu. Katika sherehe na baa za Wajaluo, mtu akitaka kujisifu anausimamisha muziki. Mpigaji ananyamaza. Yule mtu anasimama, anataja jina lake na ubora wake kwa maneno yaliyopangwa, anaweka kitu kidogo kwenye sahani, kisha mpigaji anamjibu: anarudia jina lake na kuuingia wimbo upya kwa nguvu. Tunaita pakruok. Kwa hiyo muziki ukinyamaza katikati, kwetu maana yake ni moja. Kuna mtu anapewa nafasi. Nami, niliyewatungia majigambo nusu ya watu waliokuwa ukumbini, sikufikiria kumuuliza Joram kama kipande chake kina mahali pa kunyamaza.

Kilikuwa napo mara tatu.

Alianza vizuri ajabu. Vidole vilitembea, hakuna aliyekohoa, na fundi mmoja aliyepatwa na kwikwi alitoka nje mwenyewe. Kisha Joram akafika kituo cha kwanza. Akainua mkono wa kulia, akaacha sauti ifie hewani kama ilivyoandikwa.

Mzee Obiero, fundi baiskeli, akasimama.

"Shikilia hapo hapo," alisema. "Mimi Obiero wa spoku na rimu. Baiskeli ikiniona kwa mbali inajinyoosha yenyewe. Mke wangu ni Apiyo, akipita sokoni mizani inasahau kazi yake. Haya, piga."

Maneno hayo nilimtungia mimi, na sijutii hata moja. Lakini nilitamani sakafu inimeze. Kalamu ya Bi. Nakhungu ilisimama juu ya daftari. Obiero alitembea mpaka mbele, akaweka shilingi kumi karibu na kopo la mafuta, akarudi kuketi kwa heshima zote.

Joram hakutaja jina lake. Aliinamisha kichwa, akaendelea kupiga kama vile hakuna kilichotokea.

"Hajanijibu," Obiero alimnong'oneza jirani yake, mnong'ono wa kusikika mpaka barabarani.

"Labda hakusikia."

"Amesikia. Ni maringo ya kucha."

Kituo cha pili kilipofika, Mama Seline wa Obunga alikuwa tayari amesimama, kitambaa cha kichwa kimenyooka.

"Mimi Seline wa mgongo wazi. Mifupa ya mbuta wengine wanatupa, mimi naikaanga na watu wanapanga foleni. Aliyenicheka mwaka jana, mwaka huu ananiita dada. Nijibu vizuri, mwanangu, mimi si kama huyo wa baiskeli."

Watu wakacheka. Bi. Nakhungu aligeuka nyuma, akamtazama Seline kwa muda mrefu, akaandika kitu. Joram hakumjibu huyu pia. Jasho lilikuwa limefika kidevuni, na safari hii minong'ono haikuisha hata muziki uliporudi.

Kituo cha tatu ndicho kilikuwa kirefu kuliko vyote. Nilimwona Joram akikitazama kwenye karatasi kama mtu anayemwona ng'ombe mkali akija njia ile ile. Upande wa kulia wanaume wawili walikuwa wanasukumana nani atangulie kusimama. Joram akaamua kukiruka.

Sasa, kituo kile hakikuwekwa pale kwa mapambo. Ndipo mkono wa kushoto unapotoka mwisho wa shingo ya gitaa na kupanda mpaka juu, na bila kituo mkono haufiki. Vidole vyake vilitua mahali pasipo pake. Noti ya kwanza ilitoka mbovu, ya pili haikutoka kabisa. Akasimama.

Wale wawili wakaketi. Mtu wa Kondele anaweza kukosa mengi, lakini anajua tofauti ya mpigaji aliyenyamaza na mpigaji aliyekwama. Bi. Nakhungu alianza kufunga kalamu yake.

Aoko akasimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakuwa amejipanga; mimi sikumtungia kitu.

"Mimi Aoko," alisema, na sauti yake haikupanda. "Nilizaa peke yangu, mto umefurika, mkunga yuko ng'ambo ananipungia mkono. Nilingoja tangu asubuhi mpaka jua likalala, na mtoto akatoka akiwa mzima. Ndiye huyo mbele yenu. Hata leo naweza kungoja. Sina haraka."

Akabaki amesimama, kama desturi inavyotaka, akisubiri ajibiwe.

Joram alimtazama. Alipangusa kiganja kwenye suruali. Kisha akaupeleka mkono wa kushoto juu ya shingo ya gitaa, polepole, kidole kimoja kimoja, hakuna aliyemharakisha.

"Aoko," alisema.

Akaingia. Sijui kuzielezea noti, kazi yangu ni maneno. Najua tu kwamba sehemu ile ya mwisho ina mbio nyingi, na hakukosea hata mara moja, na alipomaliza Mzee Obiero ndiye aliyeanza kupiga makofi, pamoja na kinyongo chake chote.

Bi. Nakhungu alipanda jukwaani na daftari lake. Alifungua mdomo kusema, lakini Obiero akainua mkono.

"Samahani, Madam. Hapa mtu haanzi kusema hivi hivi. Jitaje kwanza."

"Mimi ni mtu wa Bungoma, Mzee. Sijui mambo yenu."

"Utajua ukianza."

Bi. Nakhungu akalifunga daftari.

"Mimi Nakhungu, binti wa Wepukhulu," alisema. "Nimesikiliza vijana watano mwezi huu, na wote walipiga bila kukosea, katika vyumba vitupu. Mimi sidanganyiki na vyumba vitupu. Huyu aliruka kituo kwa woga, nikamkata maksi na sitazirudisha. Kisha akarudi mbele ya watu wote na kukisimamia. Mimi ndiye mwenye nafasi ya Uingereza, na nimempa Joram Ogola."

Alifungua mkoba, akaweka shilingi ishirini kando ya kumi za Obiero, akasubiri.

Ukumbi mzima ulimgeukia Joram. Alikuwa amelaza gitaa magotini, uso ameufunika kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika. Tulingoja. Bi. Nakhungu naye alingoja. Hakuna jina lililotajwa wala uzi ulioguswa.

Mzee Obiero akatikisa kichwa.

"Mpelekeni haraka, Madam," alisema. "Na huko wamfundishe kujibu watu."