Hati Chini ya Godoro

Katika visiwa vyetu vyote vya Vava'u hakuna anayejua kutunza karatasi kama mimi. Isipokuwa cheti changu cha ndoa, nilichokificha kwenye kopo la unga, nikakikanda, tukakila kwa chai.

Baada ya hapo nilijirekebisha. Hati ya shamba la viazi vikuu, alilopewa marehemu mume wangu ili limfikie mwanetu Semisi, niliitandaza ndani ya mkeka wangu mwororo kuliko yote, nikaukunja, nikausukuma chini ya godoro, nikaulalia. Mchwa gani angethubutu? Nakala ya serikali ilikwisha kuoza kwa kimbunga. Imebaki hiyo tu.

Mazishi hayajapoa, akaja shemeji yangu Feleti na panga.

"Shemeji, toa hati niichome, shamba la kaka libaki kwangu, tusisumbuane."

"Nimeila. Muulize yeyote, ndiyo desturi yangu."

Akanipiga bapa la panga mdomoni. Jino likaenda. Semisi akamrukia mgongoni. Feleti akambwaga juu ya kabati la vioo, akamkata bega, nyama ikafunguka kama kiazi kilichopasuka. Kisha akalichana godoro, akalipindua.

Chini yake, sakafu tupu.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mazishini mkeka bora huwa wa dada mkubwa wa marehemu, na mimi mwenyewe niliubeba kwa magoti kumpelekea wifi yangu Kalolaine, nikilia vizuri kabisa. Hati imo ndani.

Feleti alikuwa amenishika nywele, akinigonga kichwa ukutani, askari alipoingia kwa zile kelele. Panga akalisukuma kwa mguu chini ya kabati.

"Kijana kaanguka mtini," akasema. "Na shemeji kachanganywa na msiba, anadai kuna hati. Kaka hakuwahi kuwa na hati, naapa. Ningeijua."

"Ungeijua kweli," sauti ikasema mlangoni. Alikuwa Kalolaine, na karatasi mkononi. Feleti akaniachia, akaketi chini, maana kwetu hakuna mwanamume anayesimama mbele ya dada yake mkubwa akibishana.

"Wifi, ulinipa mkeka na mzigo wake," akaniambia, akampa askari hati.

Askari akasoma, kidole kikishuka hadi chini.

"Shahidi, Feleti. Sahihi hii ya nani, bwana?"

"Feleti mwingine."

"Mkono wako niliushika mimi," akasema Kalolaine, "maana ulikuwa hujui kuandika."