Pudini Iliyokataa Kusimama

Katika familia ile Krismasi haikuanza kwa kengele wala nguo mpya. Ilianza kwa sauti ya Mama jikoni: "Atakayefungua mlango wa friji leo atanijua mimi ni nani!"

Ndani ya friji kulikuwa na pudini. Kwenye bakuli la bati lenye mikunjo Mama alimimina jeli nyekundu yenye vipande vya nanasi alilolimenya mwenyewe, juu yake kastadi, halafu biskuti. Bakuli likipinduliwa kwenye sahani, jeli ilitakiwa itokee juu na mikunjo yake yote, imesimama kama ile ya kwenye picha aliyoibandika ukutani. Haikuwahi kusimama hata mara moja. Kila mwaka nyumba nzima ilibana pumzi, Mama akapindua bakuli, na pudini ikatoka mbio kutafuta ukingo wa meza.

Hapo Mama alisema, "Leteni vikombe," wakakaa sakafuni na kuinywa. Lakini kabla ya vikombe ilikuwa lazima apatikane mwenye makosa. Watoto walikula kofi kila mmoja kwa kufungua mlango. Kisha ikaja zamu ya Baba, kwa kuleta friji bovu. Mpole yule alibadilisha mafriji mpaka wenye maduka wakaanza kumwita shemeji, na kila jipya lilihukumiwa kama lile lililotangulia. Baba hakubisha. "Mwakani tutaona," alisema, akanywa pudini yake kwenye kikombe chake cha bati kilichobanduka rangi.

Kifungua mimba wao aliapa angali mdogo kwamba siku moja atalikomesha jambo hilo. Wengine huingia kwenye ufundi kwa kurithi, wengine kwa njaa. Yeye aliingizwa na pudini. Akawa fundi wa mafriji, tena hodari, hata mama yake mzazi akamwita Fundi.

Sasa Baba alikuwa marehemu, na baada ya mwaka mpya Mama angehamia kwa binti yake. Siku moja alimwambia Fundi kwenye simu, kama anayezungumzia mvua, "Natamani niione imesimama, hata mara moja, kabla sijatoka kwenye jiko hili." Maneno hayo yalimkaa Fundi rohoni. Alikuja na sanduku lake la vifaa, akalijaza gesi friji la mwisho alilonunua Baba, akabadilisha mpira wa mlango, na pudini ilipoingia, akalizungushia friji mnyororo na kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni.

"Kaka, nina kiu," dada yake alilalamika.

"Maji yapo bombani."

"Nataka ya baridi."

"Umemvumilia mumeo miaka yote hii, utashindwa na maji ya bomba?"

Mchana wa Krismasi kufuli likafunguliwa. Mama akajifuta mikono, akashika bakuli, akapindua. Pudini ilisimama. Ikafikiri kidogo. Ikakaa, ikajinyoosha, ikaanza safari yake ya kila mwaka.

Fundi alipiga magoti akaingiza mkono ndani ya friji. "Haiwezekani! Humu hata maiti angeomba blanketi!"

"Samahani," alisema mke wa kitindamimba, bibi harusi wa mwaka huo, ambaye tangu afike alikuwa hajafungua mdomo ila kwa kusalimia. "Hilo nanasi mlilichemsha kwanza?"

"Kuchemsha nanasi?" Mama alishangaa. "Kwani maharage?"

"Basi ndilo, Mama. Nanasi ambalo halijapikwa haliiachi jeli ishike, hata uiweke kwenye barafu. Watu hulichemsha, au hutia la kopo."

Fundi alilitazama sanduku lake la vifaa, akaona aibu mbele yake.

"Kwa hiyo yale makofi..." dada yake alianza.

"Mimi sikuwahi kufungua mlango!" alidakia kitindamimba. "Nilipigwa bure!"

"Ulikuwa unafungua, muongo wewe. Ila haikuwa na maana," dada yake alimjibu.

Fundi alisimama. "Duka la pembeni lina nanasi la kopo, na jeli nyingine ipo. Mama, nipe mpaka jioni. Itasimama, nakuapia!"

Mama alikuwa akilitazama friji. Aliinua mkono mpaka rafu ya juu, akashusha kile kikombe cha bati ambacho hakuna aliyekigusa tangu msiba, akakifuta kwa pindo la nguo yake na kuanza kukijaza pudini.

"Baba yenu nilimsema bure," alisema. "Mafriji yote yale. Wala hakubisha hata mara moja."

"Mama, si ulitaka kuiona imesimama?"

"Nilitaka, mwanangu. Nilitaka ili siku moja nimwambie, haya, baba watoto, friji lako zuri. Nikachelewa." Alimpa Fundi kikombe. "Kunywa wewe badala yake."

Wale wengine walishaketi sakafuni na kuanza kugombania vikombe, watu wazima wenye mvi, na bibi harusi akasogezwa katikati yao. Fundi alikaa na kuegemeza mgongo kwenye friji, akanywa. Ilikuwa tamu ileile, na vipande vya nanasi akavitafuna kimojakimoja.

"Iko baridi?" Mama aliuliza.

"Baridi sana, Mama."

Mama akaweka kiganja juu ya mlango wa friji.

"Friji zuri," alisema, na hakuwa akimwambia Fundi. "Friji zuri sana, mume wangu."